Besi Inapotelea Mlangoni

Besi ni sauti nzito ya muziki: kishindo cha ngoma kubwa, mvumo wa gitaa la besi katika dansi na taarabu, mdundo wa amapiano unaogonga kifua. Kwa vipimo ni sauti inayotokana na mitetemo kati ya 20 na 250 hivi kwa sekunde, na mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Besi basi ni kipande chembamba cha chini kabisa, lakini ndicho kinachoubeba wimbo. Kikikosekana, sauti ya mwimbaji hubaki ikielea, ala za juu hukwaruza masikio, na msikilizaji huongeza sauti kila mara akitafuta kitu ambacho hakipo.

Dawa inayotajwa kwanza dukani ni sabufa, yaani spika kubwa ya inchi 10 au 12 iliyofungiwa ndani ya boksi na kuendeshwa na amplifaya. Sabufa hufanya kazi yake vizuri, hilo halina ubishi. Lakini hula buti. Dereva wa teksi anayebeba masanduku ya wasafiri, mfanyabiashara anayepeleka magunia sokoni kwa Probox, familia yenye Noah iliyojaa watoto na mizigo ya sikukuu, wote hao hawana pa kuliweka boksi hilo. Tena lipo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa: besi ambayo spika za milangoni zinaitoa tayari inakwenda wapi? Katika magari mengi jibu ni moja. Inapotelea mlangoni, sentimita chache tu kutoka pale inapozaliwa.

Ndani ya spika kuna koni ya karatasi au plastiki iliyogandishwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imekaa katika pengo la sumaku. Umeme wa redio ukipita kwenye koili, koni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Inapokwenda mbele huikandamiza hewa iliyo mbele yake, na wakati huohuo huacha upungufu wa hewa nyuma yake. Kwa hiyo spika moja huzaa mawimbi mawili yaliyo kinyume. Yakikutana, moja hulifukia shimo ambalo jingine limelichimba, na yote mawili hufa. Sauti nyembamba haziumizwi sana na jambo hili, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na huenda mbele kama mwanga wa tochi. Besi huzunguka kila kona. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20, hivyo wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, na la hezi 50 linakaribia mita 7, refu kuliko gari lenyewe. Wimbi la namna hiyo halizuiwi na ukingo wa spika. Hupinda na kurudi nyuma kana kwamba hakuna kitu.

Ushahidi wake ni rahisi kuuona. Spika ya inchi sita na nusu ikishikwa mkononi huku inapiga, hulia kama simu iliyowekwa juu ya meza. Ikibanwa juu ya tundu la katoni nene lililokatwa kwa ukubwa wake, besi huibuka papo hapo bila wati hata moja kuongezwa. Katoni imeitenga hewa ya mbele na ya nyuma, basi. Ndani ya gari kazi ya katoni hiyo ni ya mlango, na mlango wenyewe haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuugusa mlango, kuna kosa moja ambalo kulirekebisha hakugharimu kitu. Magari mengi yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yalitumika kwanza Japani. Redio zilizokuja nayo zilitengenezwa kwa FM ya huko, iliyokuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati vituo vya Afrika Mashariki hurusha matangazo hadi megahezi 108. Kwa sababu hiyo redio hubadilishwa mapema, mara nyingi wiki ileile gari linapotoka bandarini. Plagi ya asili hukatwa, nyaya husokotwa moja kwa nyingine na kuviringishwa tepu nyeusi. Hapo ndipo chanya na hasi hubadilishana mahali.

Redio nyingi za dukani hufuata mpangilio mmoja wa rangi. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ni ya mbele kulia, kijani ni ya nyuma kushoto, na zambarau ni ya nyuma kulia. Kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi, na huyo mwenye mstari ndiye hasi. Tatizo ni kwamba nyaya za gari zina rangi zake nyingine kabisa, na fundi mwenye haraka hukisia. Akikosea spika moja, gari litapiga kama kawaida, sauti ya mwimbaji itasikika, hakuna fyuzi itakayoungua. Ila spika ya kulia itakuwa inasukuma wakati ya kushoto inavuta, na besi itakatika katikati ya viti. Wapo watu waliouza spika nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu ya waya mmoja uliogeuzwa.

Kosa hilo hugunduliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupiga wimbo wenye besi nzito, kuweka balansi katikati, kisha kuisogeza hadi ipige spika za upande mmoja tu. Besi ikiongezeka pale upande mwingine unaponyamaza, basi pande hizo zilikuwa zinapigana. Ya pili ni ya uhakika zaidi, na inahitaji betri ndogo ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani. Nyaya za spika huchomolewa kwanza kwenye redio, ili umeme wa betri usiingie ndani yake. Kisha waya unaodhaniwa kuwa chanya huguswa kwenye kichwa cha betri na ule wa hasi kwenye kitako, kwa kitambo kisichozidi kupepesa jicho. Spika hutoa mlio mdogo, "tap", na koni huruka. Ikiruka kuelekea nje, nyaya ziko sawa. Ikizama ndani kuelekea sumaku, zimegeuzwa. Mtu mmoja akae na betri kwenye nyaya za redio, mwingine aangalie koni akiwa amelitoa kava la spika. Milango minne haimalizi robo saa.

Baada ya hapo ndipo mlango hufunguliwa. Kava la ndani, lile lenye mfuko wa chupa na mpini wa kuvutia, limeshikwa kwa skrubu chache zilizofichwa na klipu za plastiki ukingoni. Likishatoka, huonekana bati la ndani lenye matundu makubwa, mengine ya kupitisha mkono mzima, ambayo kiwandani hutumika kuingizia mota ya kioo na vyuma vya kitasa. Juu ya matundu hayo imebandikwa nailoni kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Nailoni hiyo iliwekwa kuzuia maji ya mvua yasifike kwenye kava na zulia. Sauti hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Katika gari lililokwisha kupelekwa gereji mara mbili tatu kwa kioo kilichogoma kupanda, nailoni mara nyingi imechanika, imening'inia upande mmoja, au haipo tena. Nyuma yake, gizani, ni bati la nje: pana, jembamba, lisilo na mhimili katikati. Likigongwa kwa kifundo cha kidole hulia muda mrefu. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lina spika iliyolielekea. Koni inapopiga, bati hutetemeka kwa mtindo wake lenyewe, hula sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kuwa muziki, na hurudisha kelele yake juu ya wimbo.

Matengenezo yana sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa: kulinyamazisha bati la nje, na kuyaziba matundu ya bati la ndani. Ya kwanza hufanywa kwa shiti za mpira wa butili zilizobandikwa karatasi ya alumini upande mmoja, zenye unene wa milimita 2 hivi. Bati huoshwa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa kuwa vumbi na mafuta ndivyo vinavyofanya shiti zibanduke baada ya miezi. Kisha vipande hubandikwa nyuma ya spika na katikati ya bati, na kukandamizwa kwa kirola kidogo hadi michoro iliyo juu ya alumini ilale. Si lazima kuufunika mlango wote. Robo ya eneo la bati, ikiwekwa mahali panapotetemeka zaidi, huua sehemu kubwa ya mvumo. Kinachoongezwa baada ya hapo huleta faida ndogo na uzito mwingi kwenye bawaba. Kipimo ni kilekile cha kifundo cha kidole. Bati lililotengenezwa likigongwa hujibu "du" fupi, kama mlango wa ubao mzito.

Kuna mafundi wanaotumia shiti za lami za kuezekea mapaa. Bei yake huvutia, na siku ya kwanza matokeo hufanana. Lakini mlango wa gari jeusi lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa huwa moto kiasi cha kutoshikika, na lami hulainika, huteremka ndani ya mlango na kunuka hadi kwenye nguo. Kuibandua ni kazi ya kutia huruma. Butili huvumilia joto hilo, na ni heri kununua kipande kidogo cha butili kuliko bunda zima la lami.

Kuziba matundu ya bati la ndani ndiko kunakoleta mabadiliko ambayo hata abiria asiyejua lolote huyasikia. Tundu dogo hutosha kuzibwa kwa shiti ya butili peke yake. Tundu kubwa linahitaji kitu kigumu, kwa sababu shiti laini itavimba na kunywea kwa kila mpigo kama kifua cha mtu anayehema. Hukatwa kipande cha bati la alumini au plastiki ngumu kwa umbo la tundu, hufungwa kwa skrubu fupi, na kingo zake hufunikwa butili. Skrubu ni bora kuliko riveti, maana siku mota ya kioo itakapokufa fundi atahitaji kuingiza mkono tena. Urefu wa skrubu upimwe kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa. Skrubu ndefu hukichora kioo au kukivunja.

Yapo matundu yasiyoguswa. Chini kabisa ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji, na vikizibwa mlango hugeuka mtungi, kutu huanza, na maji husikika yakicheza gari linapokata kona. Njia ya kioo na vyuma vya kufungia viachwe huru. Plagi na nyaya za rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo haziguswi kamwe, na terminali ya hasi ya betri ya gari hutolewa kabla kazi haijaanza. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kitambuzi cha ajali ndani ya mlango kinachopima shinikizo la hewa. Mlango wa aina hiyo usizibwe bila mtu anayelifahamu gari hilo hasa.

Spika yenyewe hufungwaje? Hapa uzembe ni mwingi. Tundu la kiwandani na spika ya dukani huwa havilingani, na katika magari mengi ya Toyota tundu huwa na umbo linalohitaji pete ya kuunganishia. Spika iliyoshikwa na skrubu mbili huku pembeni pakipita hewa imerudi kuwa spika ya mkononi. Pete inapaswa kuwa ngumu na kubana pande zote, na kati yake na bati kuwe na sponji nyembamba. Mbao za MDF hukatika vizuri lakini hunywa maji, na ndani ya mlango huwa na maji kila mvua inaponyesha. Zitumike tu zikiwa zimepakwa vanishi nzito pande zote. Ubao wa plastiki wa kukatia nyama jikoni hutoa pete nzuri sana: hauozi, hauvimbi, na msumeno wa kawaida huukata. Mwisho, ukanda wa sponji huzungushwa kwenye uso wa spika ili ukutane na kava la mlango. Bila huo, sehemu ya besi huingia kati ya kava na bati na kuanza kuchezesha klipu.

Kelele hizo za klipu hutafutwa moja moja. Programu za simu zinazotoa mlio wa hezi moja moja ni nyingi na nyingine hazilipiwi. Mlio hupandishwa polepole kutoka hezi 40 hadi 150, mtu mmoja akipitisha kiganja juu ya kava, kisanduku cha dashibodi na kibao cha namba. Kinachotetemeka hunyamaza kikishikwa, na kipande cha sponji au kitambaa humaliza kazi.

Mlango ukishakuwa imara, mipangilio ya redio huanza kuwa na maana. Sikio la binadamu halisikii besi kama linavyosikia sauti za katikati, hasa sauti ikiwa ndogo. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha hilo wazi: sauti inapopunguzwa, besi hupotea masikioni mapema kuliko sauti nyingine. Kitufe kilichoandikwa "Loud" kwenye redio kinatokana na ujuzi huo. Huongeza besi wakati sauti iko chini, na ni kifaa halali kwa anayesikiliza taratibu asubuhi akielekea kazini. Sauti ikipandishwa sana kizimwe.

Kuongeza besi kwa ekwalaiza kuna gharama ambayo haionekani kwenye skrini. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli: kila desibeli 3 zinazoongezwa huhitaji nguvu maradufu, na desibeli 10 huhitaji mara kumi. Redio yenyewe ina nguvu kidogo kuliko inavyojisifu. Umeme wa gari linalowaka ni volti 14 na kitu. Kwa spika ya kawaida ya omu 4, redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za kweli kwa spika moja, na nyingi huishia karibu na 20. Ile "4 x 50" iliyoandikwa usoni ni kilele cha kitambo kifupi chenye sauti iliyokwisha haribika. Mtu akiinua besi desibeli 10 na kupandisha sauti, redio humaliza nguvu, vilele vya mawimbi hukatwa bapa, na kinachotoka ni mkoromo. Mkoromo huo huzaa sauti kali za juu zinazounguza koili za twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Hatari huzidi pale besi inapopandishwa mara tatu bila mtu kutambua: mara moja kwenye simu, mara ya pili kwenye redio, mara ya tatu kwenye amplifaya. Ni vizuri ipandishwe mahali pamoja tu, na simu ibaki bila nyongeza yoyote.

Mara nyingi kupunguza hufaa kuliko kuongeza. Magari mengi yana mlundikano wa sauti kati ya hezi 200 na 400, unaofanya muziki usikike kama umetoka ndani ya pipa. Eneo hilo likishushwa desibeli 3 au 4, besi iliyo chini yake huonekana imekua, ingawa haijaguswa. Kisha hezi 80 hadi 100 zinaweza kupandishwa desibeli 2 au 3, na hapo mkono uondolewe.

Mpangilio unaoshangaza watu ni ule wenye alama HPF. Kazi yake ni kuzizuia sauti za chini zaidi zisifike kwenye spika, na mtu anayetafuta besi huuzima kwa kudhani unamnyang'anya. Hesabu inasema kinyume. Ili spika itoe kishindo kilekile kwa mitetemo nusu, koni yake inapaswa kusafiri mara nne. Koni inayocheza milimita 1 kwa hezi 100 itahitaji milimita 4 kwa hezi 50, na milimita 16 kwa hezi 25, umbali ambao spika ya mlangoni haiwezi. Inapolazimishwa hupiga mwisho wa njia yake na kuharibu hata ile besi inayoiweza. HPF ikiwekwa kati ya hezi 50 na 80, koni huachwa huru kufanya kazi yake, na redio inaweza kupandishwa zaidi bila kukoroma. Msikilizaji hupoteza kidogo na kupata kingi.

Wala kinachozuiwa hakipotei chote akilini. Waya mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, lakini pamoja na mtetemo huo hutoa mingine juu yake: 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likipata hiyo ya juu kwa mpangilio wake, ubongo huijaza ile ya chini yenyewe. Ndiyo sababu gitaa la besi la muziki wa dansi hufuatika vizuri hata kwenye spika ambazo haziifikii hezi 41, mradi eneo la hezi 80 hadi 160 liwe safi. Eneo hilo ndilo ambalo mlango ulioimarishwa hulimudu.

Spika za kiwandani zikiwa zimechakaa, yaani ukingo wa koni umepasuka au karatasi imelowa na kukauka mara nyingi, kubadilisha ni lazima. Kwenye boksi la spika mpya, namba kubwa kuliko zote ndiyo yenye maana ndogo. Wati 300 au 500 zilizoandikwa kwa rangi nyekundu ni za kilele. Inayosomwa ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo spika huimudu mfululizo. Ya pili ni hisia ya spika, inayopimwa kwa desibeli kwa wati moja: spika ya desibeli 92 inahitaji nusu ya nguvu ya spika ya 89 ili kufikia sauti ileile, na kwa anayetegemea redio peke yake tofauti hiyo ni sawa na kununua redio ya pili. Ya tatu ni upana. Besi ni hewa inayosukumwa, na koni ya inchi sita na nusu husukuma nyingi kuliko ya inchi tano na robo, kama vile ngoma pana inavyoishinda ndogo.

Wenye sedani wana bahati moja. Rafu ya chuma nyuma ya kiti inatenganisha chumba cha abiria na buti, na spika za yai za inchi 6 kwa 9 zikifungwa hapo hulitumia buti zima kama boksi lao, bila kuchukua nafasi ya begi hata moja. Koni yake ina eneo kubwa kuliko ile ya inchi sita na nusu, na chini ya hezi 80 tofauti husikika. Katika magari yasiyo na buti la kujitenga, kama Vitz au IST, rafu ni kibao chepesi cha kuondoa. Spika zilizofungwa juu yake hazina boksi, na gari likigonga kibao hicho hurukia vichwa vya abiria wa nyuma. Hapo zisiwekwe.

Amplifaya ndogo ya chaneli nne ni hatua ya mwisho yenye faida kubwa. Kutoka wati 18 za redio kwenda wati 75 za kweli ni ongezeko la desibeli 6 hivi, na zaidi ya ukubwa wa sauti, kishindo cha ngoma hupata nafasi ya kutoka kizima. Waya wake wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe wa shaba na mnene kadiri kijitabu cha amplifaya kinavyotaka, ukiwa na fyuzi ndani ya nusu mita kutoka kwenye terminali. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya. Huzuia gari lisiwake moto waya ukichunika. Waya wa hasi ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Kitufe cha "gain" si cha sauti, bali ni cha kulinganisha amplifaya na redio. Redio hupandishwa robo tatu, kisha kitufe huzungushwa taratibu na kusimamishwa kabla sauti haijaanza kukwaruza.

Gari likiwa mwendoni, barabara huingia kwenye muziki. Mngurumo wa matairi na injini uko katika eneo lilelile la besi na huifunika, na vioo vilivyofunguliwa hutoa nje shinikizo ambalo chumba kidogo kilichofungwa kingeliongeza. Vipande vya butili vilivyobaki, vikiwekwa chini ya zulia na ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, hupunguza mngurumo huo, na besi huonekana zaidi bila redio kuguswa. Kupandisha sauti ili kuushinda mngurumo ni njia mbaya: desibeli 85 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanapendekeza kisizidi saa 8 kwa siku, na kwa kila desibeli 3 za ziada muda huo hukatwa nusu.

Chini ya hezi 50 hivi spika za milangoni huanza kushindwa, na hakuna butili wala amplifaya itakayozifanya zitetemeshe kioo cha nyuma. Anayetaka mtetemo huo atanunua sabufa siku moja. Milango aliyokwisha kuiziba haitakuwa hasara hata hapo, kwa kuwa sabufa huachia milango kazi kuanzia hezi 80 kwenda juu, na kishindo cha ngoma nyingi kiko juu ya mstari huo.